Saa Tano Kamili

Nilikuwa nasahihisha tanbihi za kitabu cha mwenzangu simu ilipolia, na sauti ya mwanamke nisiyeitambua ikaniambia kwa Kinyambo kwamba Deusdedit wa Kaisho amefariki na atazikwa Jumamosi. Nilimshukuru, nikakata simu, nikarudi kwenye tanbihi, nikasahihisha tatu zaidi kabla ya kuweka kalamu chini. Naliandika jambo hili mwanzoni ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia. Kazi yangu, kwa miaka mingi sasa, ni kulinganisha nakala za maandishi ya kale: hii inasema hivi, ile inasema vile, ipi iliyo karibu zaidi na mkono wa mwandishi wa kwanza. Wanafunzi wangu hunisifu kwa uangalifu. Hawajui kwamba uangalifu huo ulianza kama kosa, katika mwaka mmoja nilioishi Ihanda nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka ambao tulirusha chombo angani na kukipiga picha kutoka pande tatu, na upande mmoja ukakosekana.

Ukoo wangu na utoto wangu havina nafasi katika sura hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimetoka seminari bila kumaliza, nikiwa na Kilatini kingi na kazi hakuna, Daktari Kembabazi alipofika Ihanda kutafuta mtu wa kumwandikia barua. Alikuwa mtaalamu wa hewa ya juu kutoka chuo kimoja cha Kampala, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyekijua Kiswahili ila cha sokoni. Na watu wetu alisema Kinyankole, nao wakamjibu Kinyambo, na pande zote mbili ziliamini kwamba mwenzao ndiye anayekosea matamshi. Alikusudia kurusha puto kubwa litakalobeba kisanduku chenye vipimo na kamera ndogo hadi pale anga inapoanza kuwa nyeusi mchana. Watu hawakuhangaika na jina lake la kitaalamu. Waliliita mwezi wa Dokta, na njiani walimuuliza kwa heshima zote kama mwezi wake unaendelea vizuri.

Alipanga nyumba ya Mama Adeline, mjane aliyejibakizia vyumba viwili vya nyuma na jiko. Naikumbuka sebule ile kuliko chumba chochote nilichokaa baadaye: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, makochi yenye vitambaa vya kufumwa, kalenda ya parokia iliyochelewa miezi miwili kufunuliwa, na katikati meza kubwa ya mninga iliyofunikwa ramani. Mchana tuliikunja ramani, tukala juu ya meza ile ile. Mama Adeline alileta ndizi zilizopikwa na maharage, zimefunikwa kwa majani ya mgomba mpaka mvuke uingie katika kila punje, na msimu wa senene alitukaangia bakuli zima, akasimama mlangoni kuhakikisha kwamba Dokta hawaachi. Dokta aliwala kuliko sisi sote. Akamwambia kwamba kwao Mbarara wanakaanga na kitunguu. Mama Adeline akajibu, "Basi ndiyo maana umekuja huku."

Mtu wa nne mezani alikuwa Deusdedit. Alikuwa mpiga picha za video za harusi, mwenye kibanda chake Kaisho ambamo ukutani alichorwa maporomoko ya maji ambayo hayapo popote Kagera. Dokta alimwajiri kwa sababu alikuwa mtu pekee katika wilaya yetu na ya jirani aliyeweza kuishika kamera begani saa nzima bila picha kutetemeka. Aliniita Padri tangu siku ya kwanza. "Padri, tuombee chakula," angesema, nami nikianza angenikatiza, "kifupi, si kile cha Kilatini, ndizi zinapoa." Alikuwa na miaka miwili zaidi yangu na mchumba aitwaye Konsolata, aliyekuja mara mojamoja kwa baiskeli akileta maharage ya kwao, akikaa pembeni ya kochi bila kuegemea, akisikiliza. Mara moja nilimsikia akimwuliza Deus uani, kwa sauti ya chini, kama kweli Kampala kuna chuo kinachofundisha watu kushika kamera. Deus akamjibu kwamba kipo, na kwamba huko kuna mtu kazi yake yote ni taa tu. "Taa tu," Konsolata akarudia.

Hilo ndilo lililokuwa likingojewa mwaka ule, nalo kila mtu nyumbani alilijua. Chuo cha Dokta kilimpa nafasi moja ya masomo ya kumpa msaidizi wake mmoja kutoka upande wetu, kusomea fani yoyote. Moja tu, na angeitoa baada ya kurusha chombo. Hakuwahi kutamka jina, lakini alimwagiza Deus apeleke vyeti vyake vikagongwe muhuri, akamfundisha Kiingereza cha fomu, na Deus tayari alikuwa amenunua sanduku la nguo Murongo na kuliweka juu ya kabati la studio, ambapo maharusi walilikuta wakipigwa picha. Mimi sikuombwa vyeti. Nilijiambia kwamba sikuona wivu, na huenda ilikuwa kweli mpaka siku ile sanduku lilipopakwa rangi na yeye akaandika juu yake jina lake lote, Deusdedit, herufi kwa herufi, kwa ile rangi nyeupe ya mabango.

Mpango wa picha ulikuwa hivi. Kamera ya kwanza ingesimama uwanja wa shule karibu na Kaisho, mahali pa kurushia. Ya pili ingekuwa Murongo, juu ya kilima kinachotazama mpaka wa Uganda, mikononi mwa karani mmoja wa forodha aliyekuwa na kamera yake. Ya tatu, iliyo kuu, ingekuwa kwenye ukingo wa milima juu ya mto Kagera, ukitazamana na Rwanda, kwa kuwa upepo wa juu ulitarajiwa kulipeleka puto huko, nalo lingepasukia hapo, na kisanduku kishuke kwa parachuti. Ya nne ilikuwa ndani ya kisanduku chenyewe, ikitazama chini. Picha za kamera mbili zikilinganishwa dakika kwa dakika, Dokta angeweza kukokotoa mahali kisanduku kilipoangukia. Bila ya tatu, ya nne isingepatikana. Deus alipewa ya tatu.

Maagizo aliyatoa Dokta kwa Kinyankole, nami nikayaandika kwa Kiswahili ili kila kituo kiwe na karatasi. Kuhusu kituo cha tatu alisema waanze *nka* saa tano, na wakiliona puto kabla ya hapo wasingoje. Neno hilo dogo, *nka*, Wanyankole na sisi tunalo sote. Ni "kama", ni "yapata", ni nafasi ya mtu kupumua. Sikulipenda. Tepu ilikuwa moja, ya dakika sitini, na niliwajua watu wetu na "kama saa tano hivi" yao. Nikaandika: "Kituo cha tatu: washa kamera saa tano kamili. Usiwashe kabla." Nilipoisoma niliona imenyooka kama sentensi ya Kilatini, nikafurahi. Kisha nikafanya la pili. Dokta alikuwa amenunua simu nne za aina moja, zinazojirekebisha saa zenyewe kwa mtandao. Nilizipanga mezani, zote zikisoma dakika ile ile, nikatangaza kwamba saa za mkononi zinahitilafiana na ni marufuku siku ya kurusha. Deus alikuwa na saa nzuri ya mshale aliyoachiwa na marehemu baba yake. Aliivua, akaitazama, akaitia mfukoni. "Padri," alisema, "wewe ungefaa kuwa jela, mlangoni."

Asubuhi ya kurusha ilikuwa na ukungu mabondeni na jua la haya. Wakulima walishuka kutoka vibanjani, kwenye migomba yao, na kukaa kwenye nyasi kama wanaosubiri ibada. Puto lilijazwa kutoka mitungi iliyoletwa kwa lori, likasimama taratibu, jeupe, likisugua kamba zake, na bibi mmoja akasema kwamba linahema. Saa nne asubuhi Dokta aliliachia. Halikuruka kwa kishindo kama ambavyo wengi walitarajia. Lilipanda kimya, na watu wakabaki wakilifuata kwa shingo hadi walipoacha kuliona mmoja baada ya mwingine, wakilaumiana macho. Nilikuwa kwenye kamera ya kwanza. Kwa dakika kadhaa lilikuwa tone la maziwa katika kioo changu, kisha halikuwapo. Dokta alikokotoa kwamba lingepasuka saa tano na nusu na dakika chache. Tulikunja vifaa, tukarudi Ihanda kuwasubiri wengine, na nakumbuka tuliimba garini, hata Dokta.

Alasiri tulikaa sebuleni, televisheni imewekwa juu ya meza ya mninga, tukatazama tepu kwa mpangilio. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya Murongo ilitetemeka lakini puto lilionekana, doa linalosogea magharibi. Kisha Deus akaingiza yake mwenyewe, akakaa sakafuni karibu na skrini, magoti kifuani. Ilianza na kilima cha ng'ambo na anga. Sauti yake ikasema, kama nilivyoagiza, "Kituo cha tatu, saa tano kamili." Nyuma ya sauti hiyo, kutoka kigango fulani bondeni, chuma kilikuwa kikigongwa: tatu, kimya, tatu, kimya, tatu, kisha mfululizo. Anga ilibaki tupu. Ilibaki tupu dakika kumi, ishirini. Tulisikia akipumua. Mama Adeline, aliyekuwa amesimama na sinia, ndiye aliyesema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha sala: "Hiyo ni Malaika wa Bwana. Wanagonga saa sita."

Dokta akasimamisha tepu. "Deus. Uliwasha saa ngapi?"

"Saa tano, Dokta. Umenisikia."

"Nimesikia na kengele."

"Kengele nami naisikia sasa. Pale sikuizingatia." Aligeuka kutoka kwenye skrini. "Lakini niliiona, Dokta. Niliona kitu cheupe kikipasuka na kingine kikishuka, chekundu kidogo, kuelekea mtoni. Nikatazama simu. Saa nne na dakika thelathini na nane. Nikasema hicho si chetu, chetu bado. Karatasi imesema nisiwashe kabla."

Dokta alichukua penseli. Saa nne na dakika thelathini na nane puto lilikuwa angani dakika thelathini na nane tu. Lisingeweza kuwa limefika hata nusu ya kimo chake. Aliandika hesabu hiyo pembeni ya ramani ili Deus aione. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Anatoli, karatasi ilisemaje?" Nilikuwa na nakala mfukoni. Nikajibu, "Ilisema saa tano." Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Deus alinitazama akisubiri niendelee, nami nikatazama ramani. Karani wa Murongo, aliyekuja na pikipiki kuleta tepu yake, aliulizwa kama simu yaweza kupotea saa huko mipakani. Akasema, na alisema kwa moyo safi, kwamba yeye huingia mtandao wa Uganda kila siku na saa haijawahi kubadilika. Alikuwa shahidi mwaminifu wa jambo jingine. Dokta alimwuliza Deus kama alishuka mtoni, kama alikunywa, kama kulikuwa na mzigo wa kuvusha. Kwa kila swali Deus alijibu hapana, na kila hapana ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Katika kazi yangu ya leo, mwanafunzi akiniletea nakala mbili zinazopingana, humwambia asikimbilie kusema kwamba moja imedanganya. Atazame kwanza upana wa tofauti. Ikiwa tofauti ina umbo, ina sababu. Sauti ilisema tano na kengele ikasema sita. Yeye aliona mpasuko saa nne na thelathini na nane, na Dokta aliutarajia saa moja baadaye. Saa moja hapa, saa moja pale, si dakika arobaini, si mbili na robo. Umbo lilikuwa mbele yetu, juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula. Nilikuwa na elimu ya kutosha kuliona. Sidai kwamba niliona na kuficha, si siku ile. Nadai tu kwamba sikutaka kutazama.

Siku ya tisa nilitumwa ukingoni kuuliza wenyeji kama kuna aliyeokota kisanduku. Nilikuta mama mmoja anaanika kahawa kwenye turubai mbele ya nyumba yake, mlima wote wa Rwanda umelala nyuma yake. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kiti na buni za kutafuna kama ilivyo desturi, na tukazungumza habari za mvua. Kisanduku hakukiona. Nilipotaka kuaga, nilitazama simu ya Dokta, nikasema kwamba bado mapema, ni saa tatu tu. Akacheka bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa.

"Ni saa nne, waitu, ndugu yetu. Huku simu zinavuka mto zenyewe."

"Zinavukaje?"

"Zinashika mnara wa kule. Na kule wao wako nyuma yetu saa moja. Sisi tumezoea, tunaongeza moja." Aliligeuza tabaka la kahawa kwa mguu. "Wewe si ndiye wa pili? Alikuja mwenzako na kamera, siku ya mwezi wenu. Kijana mwenye adabu. Alisimama pale kwenye jiwe toka asubuhi, nikamwita anywe uji, akasema hawezi kuondoka, ana karatasi."

Nilishuka mlima ule kwa miguu. Nafahamu kila kitu nilichokifikiri njiani kwa sababu nimekifikiri tena mara nyingi. Nilifikiri kwamba Dokta anaondoka Ijumaa, na ilikuwa Jumatatu. Nilifikiri kwamba taarifa ilikuwa mezani haijatumwa, na kwamba ndani yake kulikuwa na mstari nilioupiga chapa mwenyewe: kituo cha tatu, mpiga picha hakuwa tayari kwa wakati. Nilifikiri kwamba nikieleza habari ya mnara nitalazimika kueleza habari ya saa za mkononi, na baada ya hiyo, habari ya *nka*. Na chini ya yote hayo, bila maneno, nilijua kwamba jioni iliyotangulia Dokta alikuwa ameniuliza kama vyeti vyangu vya seminari viko karibu. Nilipofika nyumbani alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. "Umepata chochote kule?" aliuliza. Alikuwa na maana ya kisanduku. "Hapana," nikasema. Ijumaa aliichukua taarifa ilivyo, na wiki tatu baadaye nilikuwa na barua ya chuo.

Deus alinisindikiza hadi Murongo. Alinibebea mzigo kwenye baiskeli, na tulipofika kwenye kizuizi, kati ya wauza maembe ya Uganda na wabadilisha fedha, alinipa sanduku lake, tupu, jina limefutwa kwa mafuta ya taa lakini bado linasomeka ukiligeuza kwenye mwanga. "Ukalitumie wewe," alisema. "Mimi harusi zote ni za kwenda na kurudi." Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza njia, "Padri, wewe unaniamini?" Nikasema, "Nakuamini." Alinishukuru. Hakuna shukrani nyingine niliyopata maishani iliyonifuata kama ile.

Kaisho hawakumhukumu kwa ukali, walimpa jina. Habari za kengele zilitoka jikoni kwa Mama Adeline zikaenda kisimani, na kabla ya mwezi kwisha waendesha bodaboda walikuwa wakimwita Saa Sita. "Saa Sita, harusi ni Jumamosi, uanze kuondoka leo." Alilivumilia mwaka mmoja, kisha akalipaka juu ya mlango, Saa Sita Video, kwa ile rangi nyeupe. Nilipofika likizo nilikuta bango hilo, tukalicheka pamoja. Alioa, walinialika, nikatuma salamu kutoka Kampala. Tulionana pengine mara sita katika miaka yote iliyofuata. Kila mara aliniuliza kuhusu vitabu vyangu, na kila mara nilikwenda nimejiandaa kusema, na kila mara alikuwa mchangamfu kiasi kwamba nilijisadikisha kuwa amesahau. Nimekuja kutambua kwamba uchangamfu wake niliutumia kama vile nilivyolitumia jibu langu juu ya karatasi.

Jumamosi nilifika Kaisho mapema. Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake, chini ya maturubai, na msemaji akawaita wenye salamu za rambirambi. Nilitambulishwa kama Profesa wetu. Nilikuwa nimeandika. Nilisema kwa Kiswahili changu bora kwamba marehemu alikuwa mtu wa ahadi, kwamba katika ujana wetu alipewa jina la mzaha ambalo hakulistahili, na kwamba mimi, niliyekuwa karibu naye, nashuhudia mbele ya wote: Deusdedit hakuchelewa siku ile. Nilitua, nikitarajia sijui nini. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwanamke mmoja akasema amina. Msemaji akachukua kipaza sauti, akanishukuru kwa maneno mazuri ya kuwafariji wafiwa, akamwita katibu wa kwaya. Nilikuwa nimesema ukweli wote wa maisha yangu, nao ulikuwa umepokewa kama sifa zinazomfaa maiti yeyote.

Nilipokaa, binti alikuja kuniambia kwamba mama ananiita ndani. Konsolata alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, mgongo haukuegemea ukuta, kama alivyokuwa akikaa kwenye kochi la Ihanda. Wanawake waliokuwa naye walitoka aliponiona. Nilianza kumpa pole.

"Shemeji," akasema, "nani alikuambia kwamba hakuchelewa?"

Sikuelewa swali. Akaendelea, taratibu, kwa Kinyambo. "Deus aligundua. Miaka mitano baada ya ndoa alikwenda ukingoni kwa harusi, akaona simu ya bwana harusi. Alirudi hapa anacheka, machozi yanamtoka, akachora mistari kwenye vumbi kunionyesha mnara na mto. Nikamwambia, waambie watu. Mwandikie Padri. Akasema hapana. Alisema, ni Padri aliyetukataza saa za mkononi, na ni yeye aliyeandika karatasi. Akijua atajilaumu mpaka azeeke, na yule anasoma, kichwa chake kinahitaji utulivu. Alinikataza kukuambia. Aliwakataza na maharusi wenyewe wa kule. Kwa hiyo nauliza, kwa sababu sisi hatukukuambia. Ulijua lini?"

Kulikuwa na majibu kadhaa ambayo kila neno lake lingekuwa kweli. Niliyahisi yakijipanga.

"Siku ya tisa," nikasema. "Kabla Dokta hajaondoka."

Hakulia, na hakuinua sauti. Alinyoosha kanga juu ya magoti yake mara mbili. Nje kwaya ilikuwa imeanza, na vyombo vya chakula vilikuwa vikipangwa. Nilisubiri anifukuze, na nadhani ningeshukuru.

"Rudi nje ukaseme," akasema hatimaye.

"Nimeshasema, shemeji."

"Ulisema kwa Kiswahili, na ulisema vizuri mno. Hakuna aliyesikia. Sema Kinyambo. Sema na siku ya tisa."

Nilitoka. Watu walikuwa wamesimama kunawa mikono, mstari mrefu kuanzia kwenye ndoo hadi mgombani, na kipaza sauti kilikuwa kimezimwa na kukunjiwa waya wake. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, nikaiacha humo. Nilimwomba msemaji anisamehe, nikasimama mahali ambapo wangeniona hata walio nyuma, na kwa lugha ambayo nilikuwa sijaitumia mbele ya watu tangu nikiwa kijana, nikitafuta maneno na kuyakosa, nilianza na jina langu mimi, si lake.